Mwendo wa Mama Mwenye Viatu Vipya

Likasi, Kikula, tarehe 2 mwezi wa tatu 1996

Papa Mimi, ndugu yangu Mukendi,

Natumaini karatasi hii itakukuta umeshiba na mikono yako imejaa grisi, maana siku utakayoniandikia na mikono safi nitajua umefukuzwa kazi. Huku hakuna habari. Philomène mzima, Mimi mzima, gari letu zima, miguu yangu miwili mizima. Barua inakuja na mama Élisabeth, ambaye anaenda kuchukua unga Kasumbalesa na kuendelea hadi kwenu Ndola. Posta yetu imebaki na saa ya ukutani tu, na hiyo saa nayo imelala.

Nina jambo dogo. Wiki iliyopita lori moja kutoka Afrika Kusini lilipasukiwa na tairi karibu na soko. Nilimpelekea dereva wake kiti na maji, tukapiga hadithi za kazi. Akaniambia kuna chombo kinachofungwa kwenye gari: unakichagulia mwendo unaoutaka, unaondoa mguu, na gari lenyewe linaushika ule mwendo bila kuongeza wala kupunguza. Lori lake halikuzaliwa nacho. Walimfungia baadaye, dukani. Kinaitwa régulateur.

Ndugu yangu, nakitaka hicho kwenye Land Cruiser yetu. Tulipoinunua mwaka 1987, kampuni ya migodi ilipokuwa inauza magari yake makuukuu, tulikubaliana wewe uwe fundi nami niwe dereva. Mpaka leo nusu yake ni yako, hata kama wewe uko Zambia na yenyewe iko hapa uani. Basi chagua kana kwamba utaiendesha wewe. Nakihitaji kabla ya mwezi wa nane.

Usiulize ni cha nini. Mwanaume wa miaka hamsini na minane anaweza kutaka starehe kidogo.

Msalimie mkeo, mama Kabedi.

Ndugu yako,
Banza Isidore, dereva

*

Ndola, tarehe 19 mwezi wa tatu 1996

Ndugu Banza,

Barua yako imefika na vumbi la unga, nikaikung'uta ndipo nikasoma. Tumefurahi kusikia kwamba Mimi ni mzima. Mwambie mama yake anasema binti mwenye diploma anajua kuandika, na tangu mwezi wa kwanza hajatuandikia hata mstari mmoja.

Régulateur hiyo hapa. Sikupata taabu, rafu nzima ya duka imejaa. Nimechagua ya volti kumi na mbili, si ile ya ishirini na nne, maana nalijua gari langu. Nimeifunga kwenye gazeti na kuiweka katikati ya gunia la mama Élisabeth. Nadhani taa zako zinaungua kila wiki, sivyo? Ungesema tu. Yale mambo ya dereva wa Afrika Kusini na mguu hewani sikuyaelewa, nikajua umeanza uzee.

Fungua waya wa betri kwanza, la sivyo utaniandikia tena.

Mukendi Nicolas, fundi

*

Likasi, siku ya Pasaka, tarehe 7 mwezi wa nne 1996

Papa Mimi,

Nimefungua gunia, nimefungua gazeti, nikakuta kisanduku kidogo chenye miguu mitatu. Nikakigeuza huku na huku nikitafuta mahali pa kuandika mwendo. Philomène akasema, "Banza, hii ni ya kulinda betri, si ya kulinda mwendo." Mwanamke huyu amekaa na mafundi miaka mingi, ameharibika.

Kosa si lako wala langu. Kosa ni la Wafaransa, waliotupa neno moja kwa vitu viwili. Hata hivyo nimekifunga. Balbu haziungui tena, na honi yetu iliyokuwa inalia kama chura sasa inalia kama mtu mwenye hasira. Asante kwa kosa zuri.

Ninachotaka ni régulateur ya mwendo. Ya MWENDO. Nimeandika kwa herufi kubwa ili hata gazeti lililoifunga lielewe. Unakumbuka ile tirette yetu chini ya usukani, kile kishikizo cha kuvuta? Ukikivuta, mafuta yanaingia yenyewe bila kukanyaga. Ingekuwa haikufa mwaka ule, leo nisingekusumbua. Sasa Philomène anatundika pale kifuko chake cha karanga.

Mimi anaandika, atawaandikia. Ana mambo mengi. Usiulize mambo gani.

Banza Isidore, dereva

*

Ndola, tarehe 25 mwezi wa nne 1996

Ndugu Banza,

Nimecheka mpaka wateja wakageuka. Bosi wangu, Mtanzania, alitaka kujua nacheka nini, nikamwonyesha ile barua yako ya kwanza. Akasoma "Mimi mzima" akaniuliza, "Huyu jamaa, kama yeye ndiye mzima, mbona kamtanguliza mkewe?" Nikamweleza kwamba Mimi ni binti yangu, na kwamba sisi wa Likasi mtu akitaja nafsi yake anasema miye, basi jina hilo halitusumbui. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiuliza, "Mimi hajambo?" na kujicheka mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kazi. Nimezunguka maduka manne. Vyombo hivi viko vya aina tatu, na kuchagua si mchezo.

Vya kwanza vinavuta kwa pumzi. Vinanyonya hewa kwenye injini ya petroli na kwa nguvu hiyo vinavuta kable ya mafuta. Injini yetu ni ya mazuti, dizeli kama wanavyosema huku, haina pumzi ya namna hiyo. Nitalazimika kupachika pampu, na pampu nayo itataka mkanda, na mkanda utataka mahali. Nimeviacha.

Vya pili vina mota ndogo ya umeme na mnyororo mwembamba wa shanga za chuma. Unagandisha sumaku mbili kwenye shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, chombo kinahesabu mizunguko, kikiona gari limechoka kinavuta mnyororo, kikiona linakimbia kinaulegeza. Hicho ningekifunga kwa moyo mweupe. Lakini lazima kiunganishwe na waya wa breki, ili ukigusa breki tu kiachie, na waya mwingine kwenye klachi. Fundi atakayekwambia huo wa klachi si lazima, mfukuze na fimbo.

Vya tatu ni vya magari mapya yenye ubongo. Hivyo tuwaachie wenye ubongo.

Nakuomba majibu ya kweli. Je, breki zinashika? Ni barabara gani unayotaka kuiendea? Kama ni ya Lubumbashi, hesabu mashimo yaliyoongezeka, kwa sababu chombo hiki hakioni shimo. Kinashika mwendo, hakijui kusimama. Na la mwisho ndilo kubwa: unataka mwendo gani? Chini ya kilomita arobaini kwa saa hakishiki kabisa.

Mukendi Nicolas, fundi

*

Likasi, tarehe 12 mwezi wa tano 1996

Papa Mimi,

Naona Zambia imekufundisha kuuliza kama polisi. Haya, andika.

Breki zinashika. Barabara ni ya hapa hapa mjini, kutoka kanisani kwetu Kikula, kupita ile avenue yenu ya zamani, na kuteremka mpaka mtaa wa Panda. Mashimo ya pale yote nayajua kwa majina.

Kuhusu mwendo: nataka mwendo wa mama mwenye viatu vipya. Siyo mama anayewahi soko. Mama aliyevaa viatu vipya asubuhi hiyo, anayeinua mguu na kuufikiria kabla ya kuushusha. Nadhani ni kilomita tatu kwa saa. Lakini mwendo huo lazima uwe sawasawa, Mukendi, usirukeruke hata kidogo, kwa sababu watu watakuwa mbele ya gari, karibu, na watanipa mgongo.

Hapo nimesema mengi kuliko nilivyotaka. Dereva wa kweli haulizwi anabeba nani.

Tafadhali fanya haraka.

Banza Isidore, dereva

*

Ndola, tarehe 28 mwezi wa tano 1996

Banza,

Leo sina salamu ndefu. Gari linalotoka kanisani likitembea kwa mwendo wa mguu, na watu mbele yake, ni gari la nini? Nina umri wa kujua. Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu Kabedi alinikuta, akaninyang'anya. Tangu jana hali chakula.

Mimi hatuandikii. Wewe unakwepa kila ninapomtaja. Unasema "kabla ya mwezi wa nane" kama mtu aliyepewa tarehe na daktari. Mwaka 1993, walipotufukuza kwa sababu ya kabila letu tukapanda lori la chumvi kuja huku, tulimwacha kwako kwa sababu ya homa, tukasema ni wiki mbili. Wiki mbili zimekuwa miaka mitatu, na sijawahi kujuta hata siku moja, kwa sababu ni wewe. Usinifanye nijute.

Je, mtoto wangu anaumwa? Au amekwisha kufa, na wewe unanichagulia mwendo wa kumzika?

Nijibu kwa mtu yeyote anayepita mpaka, hata kama humjui.

Mukendi

*

Likasi, tarehe 6 mwezi wa sita 1996

Shemeji Mukendi na dada Kabedi,

Ni Philomène anayeandika. Banza yuko kwenye maombi, na barua yenu nimeifungua, na sina haya.

Hakuna aliyekufa. Nasema tena: hakuna aliyekufa. Mimi yuko nyuma ya nyumba anasuka nywele, anakula kama watu wawili bila kuwa na mimba, sauti yake mnaweza kuisikia mpaka huko. Kuleni chakula. Haandiki kwa sababu hajui kuficha, na kuna habari ambayo si yetu kuisema. Mnajua desturi. Mlezi wa msichana akitangulia kusema, inaonekana anamtembeza sokoni. Wenyewe ndio wanaopaswa kubisha hodi kwa mzazi. Basi fagieni uwanja wenu na mngoje wageni.

Ninachoweza kusema ni kuhusu Banza, kwa sababu huyo ni wangu. Mguu wake wa kulia umekufa, shemeji. Unatembea, lakini hausikii kitu. Daktari amesema ni sukari. Mwaka jana alikanyaga kaa la moto akaendelea kunieleza mahubiri ya Jumapili. Nilisikia harufu kabla yeye hajasikia moto. Amekataza mtu yeyote asikwambie.

Mwezi wa kwanza aliwabeba maharusi, binti wa mchungaji wetu na mumewe. Mabanamama wa kanisa walikuwa mbele ya gari wakicheza, kama kawaida ya hapa. Mguu wa Banza ukakanyaga bila yeye kujua, gari likaruka, tairi likapanda kwenye pindo la kikwembe alichojifunga mama Numbi. Mama akatoka mbio, kikwembe kikabaki chini ya tairi, naye akabaki na jupon ya ndani tu mbele ya kanisa zima. Watu walicheka mpaka machozi. Banza hakucheka. Miaka thelathini ya usukani hajawahi kuua hata kuku.

Nyumbani nikamwambia, "Weye Banza, ile muguu haisikie tena kintu. Acha bantu bengine baendeshe."

Akanijibu, "Nilimupatia Papa Mimi neno yangu, siku ile ya lori. Nilimuambia: siku ya ndoa ya mutoto yako, miye njo nitamupeleka, na hii mikono yangu."

"Na mikono, sawa," nikamwambia. "Lakini gari inaendeshwaka na miguu."

Ee, kalamu imenitoka. Karatasi ni moja na siwezi kuanza upya. Hilo neno la ndoa hapo juu hamkulisoma.

Shemeji, kama kuna chombo cha kweli, kilete. Kama hakuna, mwandikie wewe aache, maana akiambiwa na mke ni kelele, akiambiwa na fundi ni ukweli.

Philomène

*

Ndola, tarehe 30 mwezi wa sita 1996

Ndugu yangu Banza,

Jumapili iliyopita walibisha hodi. Mjomba wa yule kijana, Eddy, na mama Élisabeth kama msemaji, na Eddy mwenyewe nyuma yao, amevaa tai inayomkaba. Walileta barua yao ya posa kwenye sahani, imefunikwa kitambaa cheupe, kwa heshima zote. Kabedi alijifanya kushangaa vizuri sana, nikaogopa kidogo kuona jinsi mke wangu anavyojua kudanganya. Nilimuuliza kijana anafanya kazi gani, akasema yuko Koni, kwenye mitambo ya umeme. Nikamuuliza kama anajua tofauti ya régulateur ya volti na ya mwendo. Akanieleza bila kutetemeka. Nimemkubali palepale. Nimelia pia, usimwambie mtu.

Sasa kaa chini nikuambie mawili.

La kwanza, najua habari ya mguu. Usimgombeze Philomène. Nimekukasirikia siku mbili nzima, kisha hasira ikaisha, kwa sababu nami nina yangu ya kuungama.

La pili ndilo hilo. Ile tirette haikufa. Niliiua. Unakumbuka 1988, barabara ya Kolwezi ilipokuwa bado barabara? Ulikuwa unaivuta, unaondoa mguu kwenye mafuta, unaweka mguu juu ya mguu kama waziri, unaachia usukani na kupiga makofi ukiimba wimbo wa kwaya. Nami pembeni yako nasali kwa nguvu kuliko wewe. Nikakusihi, ukanicheka. Basi Jumapili moja ulipokuwa kanisani, nilichomoa kable yake kule ndani, nikaacha kishikizo mahali pake, nikakwambia imekufa na kipuri hakipatikani. Ukaamini, kwa sababu nilikuwa fundi wako. Miaka minane umemsikitikia mtu aliyeko hai.

Kable hiyo sikuitupa. Ilikuwa kwenye sanduku langu la vifaa siku tuliyoondoka. Tuliacha vitanda, tuliacha cherehani, na kable yako ikavuka mpaka. Sijui kwa nini.

Nimeipaka mafuta na kumkabidhi Eddy. Wakwe wote wanataja mbuzi, wanataja kikwembe cha mama. Miye kwenye orodha yangu ya mahari niliongeza jambo moja, kwamba bwana harusi aifunge kable hii kwa mikono yake kabla ya kuingia kanisani. Vile vyombo vya dukani sahau. Hakuna hata kimoja kinachojua mwendo wa mama mwenye viatu vipya, na gari letu lilizaliwa linaujua.

Fanya hivi. Ile fimbo ndogo ya gia za mlimani, irudishe nyuma. Weka gia ya kwanza. Vuta tirette kidogo tu, upana wa ukucha, injini isije ikazimika kwenye ule mwinuko wa avenue yetu. Gari litatembea lenyewe. Mguu wa kulia uuweke mbali kabisa, uukunje chini ya kiti kama mtoto mtundu. Mguu wa kushoto ukae kwenye breki muda wote. Klachi usiifikirie. Ukishika breki injini ikazimika, na izimike, hakuna aliyefia kwenye gari lililozimika. Philomène akae mbele, mkono kwenye handbreki, asiuondoe hata kupunga.

Lakini nilikuandikia, nasema tena: inashika mwendo, haijui kusimama. Kusimama ni kwa mtu. Sikwambii uache kuendesha. Neno ulinipa, litimize. Baada ya hapo ujiulize mwenyewe, na ujijibu kweli.

Kuhusu kuja, sitakuja. Usinisihi. Kabedi atakuja na dada yake. Kwangu ile avenue bado ni majirani waliosimama kwenye milango wakitutazama tunapakia, na hakuna aliyesema hata kwaheri isipokuwa wewe. Kupita mlango ule siwezi. Nimejaribu kichwani, nafika kwenye pembe ya duka la mkate, narudi.

Mpeleke mtoto wangu polepole.

Mukendi Nicolas, fundi

*

Likasi, tarehe 19 mwezi wa nane 1996

Papa Mimi, ndugu yangu, muuaji wa tirette,

Binti yako ameolewa juzi Jumamosi, na amepelekwa salama. Nakuambia hilo kwanza ili usome mengine ukiwa umekaa vizuri. Kabedi atakueleza nguo na vyakula. Miye nakueleza barabara.

Kwanza kuhusu kable. Eddy aliifunga siku ya Ijumaa, amelala chini ya usukani, miguu nje. Alipomaliza nikaivuta. Injini ikaitika. Mukendi, miaka minane! Nilitaka kukutukana, nikakuta nacheka. Ulifanya vema. Ningekuwa nimekufa zamani kwenye barabara ya Kolwezi, nikiwa katikati ya ubeti.

Umeme ulikatika katikati ya sala, na bwana harusi wa Koni akatazama viatu vyake kwa aibu. Wakaimba bila vyombo, ikawa nzuri zaidi. Tukatoka. Mimi na Eddy nyuma, Philomène kando yangu, mkono kwenye handbreki kama askari. Nikafanya yote uliyosema. Fimbo ndogo, gia ya kwanza, tirette upana wa ukucha. Nikaachia klachi, nikaleta mguu wa kushoto kwenye breki, nikaukunja wa kulia chini ya kiti. Gari likaondoka lenyewe.

Sijui kama nitaweza kueleza. Mabanamama walikuwa mbele, labda arobaini, wakicheza na vumbi la mwezi wa nane likiwapanda hadi magotini, na gari letu likawafuata bila kuwasukuma wala kuwaacha. Nilishika usukani tu. Nilikuwa na furaha, Mukendi, furaha ya kweli, sikuwahi kuendesha vizuri hivyo nikiwa na miguu miwili.

Tukafika avenue yenu. Mbele kabisa alikuwa mama Numbi, yuleyule wa kikwembe, na viatu vipya vyeupe vya kisigino. Ndiye aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa pili kutoka kwenu mwaka ule mlipoondoka. Alipofika mbele ya nyumba yako akainua mkono, wote wakasimama. Nikashika breki, injini ikazimika, nikamwuliza kwa dirisha, "Mama Numbi, kuko nini?"

Akasema, "Papa Banza, huyu ni mutoto ya mu hii nyumba. Shiye tulinyamaza siku ile. Leo hatutapita bila kusema."

Wakageukia mlango wako wakapiga vigelegele. Aliyekaa humo sasa alitoka akashangaa, kisha naye akapiga makofi. Mimi alilia mpaka poda ikamwisha. Nami nilipiga ile honi ya régulateur yako ya kosa, nikaipiga mpaka Philomène akanishika mkono.

Nikawasha tena. Tukaondoka. Na hapo, hatua tano hivi, kiatu cha mama Numbi kikamvuka. Akainama kukiokota, mbele kabisa ya bampa, kichwa chini, sikumwona tena.

Mguu wa kushoto ulikuwa kwenye breki, ukakanyaga. Philomène akavuta handbreki. Gari likasimama, kiganja kimoja kutoka kwake, na yeye akainuka na kiatu chake akaendelea kucheza, hakujua lolote. Hakuna aliyejua. Lakini nilitazama chini, nikauona mguu wangu wa kulia. Ulikuwa umetoka chini ya kiti. Ulikuwa juu ya mafuta, umekanyaga mpaka mwisho. Sikuuita, Mukendi. Ulitaka kusaidia, kwa mazoea ya miaka thelathini, ukaenda mahali pabaya, na sikuusikia. Gia ya mlimani, isiyojua kukimbia, na ile handbreki ndizo zilizotuokoa.

Tulifika Panda, nyumbani kwa akina Eddy. Nikamfungulia Mimi mlango, nikamshika mkono, nikamwambia, "Baba yako alisema polepole." Akanikumbatia. Kisha nikarudi kwenye gari, nikairudisha tirette ndani, nikachomoa ufunguo. Mpwa wa mchungaji ndiye aliyelirudisha gari nyumbani, kwa ufunguo wa Philomène.

Umeniambia nijiulize, nijijibu kweli. Jibu limo ndani ya bahasha hii. Lishike, usilipoteze, hakuna wa tatu. Sikuhuzunika kama nilivyoogopa. Neno langu nimelitimiza, na mama Numbi yuko hai na viatu vyake vyote viwili.

Gari liko uani. Nusu yake ilikuwa yako tangu zamani, na sasa ile nusu ya kuendesha pia ni yako. Injini nitaiwasha kila Jumatatu, betri isife. Mlango wako umekwisha kupigiwa vigelegele, kwa hiyo ile pembe ya duka la mkate haina maana tena. Kiti cha kando nimekifuta vumbi mwenyewe. Philomène amehamia nyuma na karanga zake.

Ndugu yako,
Banza Isidore, abiria

*

Ndola, tarehe 2 mwezi wa tisa 1996

Banza,

Ufunguo umefika. Nimeuweka mezani siku tatu, nikila na kuutazama. Siku ya nne nikamkuta Kabedi amelipiga pasi shati langu jeupe na kuuweka ufunguo juu yake.

Nimeomba ruhusa kwa bosi. Akaniuliza, "Nani anakwenda Likasi?" Nikamjibu, "Mimi." Akaniuliza, "Wewe, au binti yako?" Nikamwambia binti yangu yuko huko tayari.

Jumamosi ijayo ukae mbele ya nyumba, umevaa viatu, hata huo wa kulia usiosikia. Nitakupeleka Koni ukamwone mtoto wetu kwenye nyumba yake. Tutapita avenue yetu. Mwendo nitauchagua mwenyewe.

Mukendi Nicolas, dereva